Sarafu Juu ya Kisanduku

Lifti ya jengo letu, hapa Tbilisi,
haipandi bure.
Ina kisanduku cha bati chenye mdomo mwembamba:
hula tetri ishirini, hukohoa,
kisha hukupandisha polepole
kama inayokufikiria upya.
Kushuka ni bure. Otari, mume wangu,
alikuwa akisema ndivyo maisha yalivyo,
akicheka peke yake.

Mwezi wa pili, theluji imegeuka matope,
nilisimama humo na kilo tano za viazi,
mkate, chupa ya mafuta.
Nilikuwa na noti. Noti haili.
Nikapekua mifuko ya koti: tiketi ya basi, kitufe,
leso ya Otari ambayo bado sijaifua.
Ghorofa ya tisa. Goti la kushoto
likaanza kunung'unika kabla sijaamua.

Ndipo nikaiona. Sarafu moja
imelala juu ya kisanduku,
kama iliyosahauliwa na mtu asiyesahau.
Nikageuka nyuma. Hapakuwa na mtu.
Niliichukua kwa aibu ya mwizi,
nikapanda kama malkia.

Kesho yake nikaweka mbili.
Moja ya deni.
Nyingine sijui ya nini.

Si habari ya kusimulia.
Lakini asubuhi zile nilianza kuamka na kazi:
kwenda kuangalia kama zipo.
Nachana nywele kwanza.
Nikikuta tatu, natabasamu na ukuta;
nikikuta hakuna, najua
kuna aliyefika kwake bila kuhema.

Nani alianza? Nilimdhania Nazibrola wa ghorofa ya nne,
anayelisha paka wa watu wote. Akaapa si yeye.
Mwalimu Lamara alinidhania mimi.
Gocha hatukumuuliza,
Gocha aliyegombana na jengo zima
kwa sababu ya mahali pa kuegesha gari,
asiyeitikia salamu tangu vuli ya mwaka juzi.

Sandro wa ghorofa ya pili, miaka minane,
alizikwapua zote Jumamosi moja
akanunua mbegu za alizeti.
Tulimwona, maganda mdomoni. Hatukusema.
Jumatatu, juu ya kisanduku,
palikuwa na konzi ya mbegu ndani ya gazeti,
chumvi imepenya hadi nje.

Wanasema wema hauozi.
Wetu ulishika kutu kidogo,
ulinuka vidole na kitunguu saumu,
ulinata. Tuliupokea hivyohivyo.

Kisha usiku mmoja wa Machi umeme ukakatika.
Sarafu nne juu ya kisanduku
na lifti imekufa, mdomo wazi.
Nikapanda kwa miguu, nikihesabu,
nikimtukana Otari aliyechagua ghorofa ya tisa
eti kwa sababu ya kuona milima.
Kufika ya sita, gizani, goti likagoma.
Nikanyoosha mkono nishike ukuta,
nikashika mgongo wa kiti.

Kiti cha jikoni. Mguu mmoja umefungwa waya.
Juu yake mto mdogo, bado mpya,
kamba ya dukani inaning'inia.

Nikaketi.
Nyuma ya mlango wa kulia, mlango wa Gocha,
mtu alipunguza sauti ya redio,
kama anayesikiliza iwapo napumua.

"Ni mimi, Tsiala," nikauambia mlango.
Mlango haukujibu.
Ila nilipoinuka na mkoba wangu,
mwanga wa tochi ulipenya chini yake,
ukanitangulia ngazi mbili, tatu,
hadi pale ulipoweza kufika.